Maryland hadi Los Angeles kwa gari: jinsi ya kuchagua barabara wakati wa kiangazi

Ukiwa Silver Spring au Baltimore, ukaandika Los Angeles kwenye ramani ya simu, utaletewa njia mbili tatu ambazo urefu wake unakaribiana: maili 2,650 hadi 2,750 hivi, karibu saa 40 za usukani bila kuhesabu kula, kulala wala kuchimba dawa. Njia ya kwanza ikiipita ya tatu, mara nyingi ni kwa saa moja au mbili tu. Wengi hubonyeza ile ya juu kwa sababu ya dakika 40, kisha dakika hizo wanazilipa mara nne kwenye foleni ya Denver, au jangwani, bonneti iko wazi na rejeta inatoa mvuke.

Kila barabara kuu ya Marekani inayokata bara ina sehemu yake mbaya. Swali la kujiuliza ni moja: nitafika hapo siku gani na saa ngapi? Ukishapata jibu, kuchagua kunakuwa rahisi. Nimechukua Maryland kwa kuwa eneo la Washington lina watu wetu wengi, na kila kiangazi haikosekani familia inayohamia Kalifonia au inayokwenda harusini huko. Aliye Columbus au Indianapolis aruke siku ya kwanza. Mengine yote yanamhusu.

Hatua ya 1: Hesabu siku kwanza

Gawa safari kwa maili 500 hadi 600 kwa siku. Hizo ni saa nane au tisa za kuendesha, na ukiweka mafuta, chakula na watoto zinakuwa kumi na moja. Sheria ya shirikisho inamruhusu dereva wa lori la mizigo kuendesha saa 11 tu baada ya kupumzika saa 10 mfululizo, na inamtaka asimame angalau nusu saa akishaendesha saa nane. Huyo ni mtu ambaye kazi yake ni hiyo kila siku. Wewe unayeendesha kwenda dukani na kazini usijipangie kumshinda.

Kwa hesabu hiyo, safari hii ni siku tano. Siku nne zinawezekana kama madereva ni wawili na hakuna mtoto mdogo. Siku tatu ni za kupokezana usiku kucha, na mimi sizishauri kwa yeyote aliyebeba familia.

Kuelekea magharibi kuna zawadi: unavuka kanda za saa, kwa hiyo unapata saa tatu njiani bila kuzitolea jasho. Jua nalo lina yake. Kuanzia saa kumi na moja jioni linakupiga usoni moja kwa moja, na kiangazi linachelewa kuzama. Anza mapema na ufunge siku mapema. Anayeondoka saa kumi na moja alfajiri anakuwa hotelini saa kumi jioni, watoto bwawani, na jua la usoni wanabaki nalo wengine.

Hatua ya 2: Soma namba

Barabara hizi kuu huitwa Interstate, na ile I mbele ya namba ni kifupi chake. Namba shufwa zinakwenda mashariki–magharibi, na zinakua kutoka kusini kwenda kaskazini: I-10 inapita karibu na mpaka wa Meksiko, I-90 karibu na Kanada. Namba witiri zinakwenda kusini–kaskazini, I-5 ikiwa pwani ya magharibi na I-95 ya mashariki. Namba yenye tarakimu tatu inayoanza na shufwa, kama I-270 ya Columbus, kwa kawaida inazunguka mji au inaunganisha barabara kuu mbili. Ikianza na witiri, kwa kawaida inaingia mjini na kuishia humo. Vibao vya maili huanza kuhesabu kwenye mpaka wa magharibi au wa kusini wa jimbo. Kwa hiyo ukielekea magharibi, namba ya kibao ndiyo maili zilizobaki kumaliza jimbo. Watoto wakishajua hilo hawakuulizi tena kila dakika kumi.

Hatua ya 3: Chora njia kwenye karatasi

Usitegemee simu peke yake. Inakuonyesha mstari bila kukuonyesha jimbo. Chukua karatasi uandike miji.

Njia ya kusini: I-66 hadi I-81, ushuke nayo bonde la Shenandoah kupitia Virginia, uingie I-40 kabla ya Knoxville. Kisha Nashville, Memphis, Little Rock, Oklahoma City, Amarillo, Albuquerque, Flagstaff, Needles, Barstow.

Njia ya kati: I-70 kupitia Columbus, Indianapolis, St. Louis, Kansas City na Denver, upande milima ya Rocky, uvuke Utah hadi Cove Fort inapoishia. Hapo unashika I-15 kwenda Las Vegas na Los Angeles.

Njia ya kaskazini: I-80 kupitia Ohio, Chicago, Iowa, Nebraska na Wyoming hadi Salt Lake City, halafu I-15 kushuka kusini. Kwa anayekwenda Los Angeles hii ni mzunguko, na sitaiongelea sana. Ina maana kwa anayekwenda Sacramento au San Francisco. Ni barabara ya malori: Nebraska peke yake ni maili 455 za tambarare, Wyoming ina upepo unaosukuma gari lenye mzigo juu ya paa, na kilele chake, kati ya Cheyenne na Laramie, ni futi 8,640. Ukipita, simama Walcott, Iowa, kwenye kituo cha malori kinachojiita kikubwa kuliko vyote duniani. Kuhusu I-90, hiyo waachie wanaokwenda Seattle au Yellowstone.

Hatua ya 4: Tafuta sehemu mbaya ya kila njia, kisha iwekee saa

Hii ndiyo kazi yenyewe. Kaa nayo jioni nzima.

Tuanze na I-40. Sehemu yake mbaya ni ya mwisho, kutoka Flagstaff hadi Barstow. Flagstaff iko karibu futi 6,900, yaani mita 2,100. Kuna misonobari na usiku ni wa baridi hata Julai. Ukitoka hapo unashuka kwa maili 210 hivi hadi Needles, kwenye mto Colorado, ambako mwinuko ni kama futi 500 na joto la Julai linafika Farenhaiti 110 na kupita, yaani zaidi ya selisiasi 43. Kutoka Needles hadi Barstow kuna maili zaidi ya 140 za jangwa la Mojave, zenye vilima vya kupanda huku kiyoyozi kinafanya kazi kwa nguvu zote, na vituo vya mafuta ni vya kuhesabu. Ludlow ni kimojawapo, na bei yake utaijua mwenyewe.

Ukifika hapo saa nane mchana, gari lenye rejeta iliyochoka litachemsha na tairi kuukuu litapasuka. Ukifika saa moja asubuhi, ni barabara ya kawaida kabisa. Kwa hiyo lala Flagstaff. Ondoka saa kumi alfajiri, uwe Needles saa moja na Barstow saa tatu na kidogo. Hakuna kubadilisha saa: Arizona haisogezi saa zake kiangazi, kwa hiyo miezi hiyo inalingana na Kalifonia. Simu ikirukaruka karibu na mpaka wa New Mexico, usiibishie wala usiiamini; taifa la Wanavajo, wenyeji wa asili, ambalo ardhi yake imo pia ndani ya Arizona, wao wanasogeza.

Ili ulale Flagstaff usiku wa nne, mpango unajipanga wenyewe kwa kurudi nyuma: Amarillo usiku wa tatu, Little Rock wa pili, Knoxville wa kwanza. Siku ya Amarillo hadi Flagstaff ni zaidi ya maili 600, lakini ndiyo siku unayorudishiwa saa mbili. Hivi ndivyo njia inavyopangwa: unaanza na sehemu ngumu, unaiwekea saa, kisha unarudi nyuma hadi nyumbani kwako.

I-40 ina jingine. Kuanzia Julai hadi Septemba, New Mexico na Arizona zina msimu wa mvua za alasiri zinazokuja na radi, mafuriko ya ghafla na wakati mwingine ukuta wa vumbi. Vumbi likikukuta, toka barabarani kabisa, simama, zima taa zote, vuta breki ya mkono na uondoe mguu kwenye breki. Kuzima taa kunawashangaza wengi, ila sababu iko wazi: dereva wa nyuma asiyeona kitu hufuata taa za mbele yake akidhani ziko barabarani, na anakuja kukugonga mgongoni.

Kwa upande wa mashariki, jueni kwamba kimbunga Helene cha Septemba 2024 kiliibomoa I-40 kwenye korongo la mto Pigeon, mpakani mwa North Carolina na Tennessee. Ilifunguliwa Machi 2025, njia moja tu kila upande. Anayetoka Maryland kwa I-81 haimgusi, kwa kuwa anaingia I-40 akiwa ameshaliacha korongo nyuma. Ndugu zetu wa Raleigh na Charlotte ndio waangalie.

Sasa I-70. Hii ina sehemu mbaya tatu, na ndiyo maana watu huigombania: wapo wanaoiapia na wapo walioapa kutoirudia.

Ya kwanza ni kupanda kutoka Denver hadi handaki la Eisenhower, ambalo liko futi zaidi ya 11,000, kama mita 3,400. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ajue huo ni urefu wa kati ya Mandara na Horombo, ila hapa unaufikia kwa gari ndani ya saa moja na nusu. Kichwa kinaweza kuuma; kunywa maji. Gari nalo linakosa pumzi, na hilo ni kawaida. Hatari iko kwenye kushuka: weka gia ndogo uiache injini ishike gari, maana breki zinazokanyagwa maili sita mfululizo zinapata moto na kupoteza nguvu. Malori yana njia maalumu za mchanga na kokoto za kukimbilia breki zikikata. Ukiziona, ujue mteremko hautanii.

Saa yake? Kuelekea magharibi epuka Ijumaa alasiri na Jumamosi asubuhi, wakati Denver yote inakwenda milimani. Anayerudi mashariki aepuke Jumapili alasiri. Epuka pia alasiri za Julai na Agosti kwa sababu ya radi. Lala Limon, mji mdogo kama maili 90 mashariki ya Denver, hoteli zake kwa kawaida ni nafuu kuliko za Denver. Ondoka alfajiri, uwe umevuka handaki kabla wenyeji hawajamaliza kahawa.

Ya pili ni Glenwood Canyon. Barabara imebebwa juu ya mto Colorado, ghorofa mbili kwa sehemu, mwamba huku na mwamba kule; ni kazi ya uhandisi iliyokamilika 1992 na inapendeza kuliko kitu chochote utakachokiona safari nzima. Lakini moto wa Grizzly Creek wa 2020 uliunguza kuta za korongo, na mvua za 2021 zikashusha matope hadi barabara ikafungwa wiki mbili hivi. Tangu hapo, ikitangazwa hatari ya mafuriko, wanaweza kuifunga. Kuzunguka kwa kaskazini kupitia Steamboat Springs ni saa kadhaa za barabara ndogo za milimani. Kwa hiyo hapa pia: asubuhi.

Ya tatu ni Utah, kati ya Green River na Salina. Maili zaidi ya 100 hakuna kituo cha mafuta, duka wala nyumba. Ndiyo sehemu ndefu kuliko zote ya aina hiyo kwenye mtandao mzima wa barabara hizi. Jaza tenki Green River hata kama mshale uko nusu, na uchukue galoni mbili za maji.

Baadaye, I-15 ina foleni yake maarufu. Las Vegas kwenda Los Angeles siku ya Jumapili alasiri ni maelfu ya watu wanaorudi nyumbani na usingizi machoni. Siku nyingine haina shida, ukiacha joto na mlima wa Mountain Pass baada ya kuingia Kalifonia.

Hatua ya 5: Usiamue njia nzima ukiwa nyumbani

Watu wanadhani lazima waondoke na jibu. Si lazima. Ukianza na I-70, huhitaji kuchagua kati ya milima na kusini mpaka St. Louis, siku ya pili. Pale kuna I-44 inayoshuka kupitia Joplin na Tulsa hadi Oklahoma City, na hapo unaingia I-40 ileile. Kwa hiyo fika St. Louis, fungua hali ya hewa ya siku mbili zijazo, kisha amua. Colorado ina onyo la mafuriko? Kansas ya magharibi ina mvua ya mawe jioni ya kesho? Unashuka kusini. Kusini kuna moshi wa moto wa misitu karibu na Flagstaff? Unaendelea na I-70.

Njia panda ya mwisho ni Denver. I-25 inakupeleka kusini hadi Albuquerque kukutana na I-40, au kaskazini hadi Cheyenne kwenye I-80. Ukishavuka handaki, umeoa. Hakuna pa kutokea kirahisi mpaka Utah.

Ndiyo sababu mimi, kwa familia yenye gari zima na siku tano, ningeanza na I-70 na hoteli ya usiku wa kwanza tu ikiwa imelipiwa. Zinazofuata weka zile za kughairi bila kukatwa. Kwa gari lenye maili 150,000 na rejeta yenye historia, ningesema nenda kusini tangu mwanzo, ulale Flagstaff kama nilivyoeleza, usitafute sifa milimani.

Na kama una shemeji au mtu wa mtaani kwenu anayeendesha semi, yale malori makubwa ya tela, mpigie simu. Wenzetu wengi wako kwenye kazi hiyo, na yeye anajua wiki hii wapi wanachimba barabara na wapi wamefunga leni. Ramani ya simu itakujulisha ukiwa umeshaingia.

Hatua ya 6: Tozo

Anayetoka Maryland kwa I-70 anakutana na kituko cha Breezewood, Pennsylvania: barabara kuu ya bara zima inakatika, unashuka kwenye mtaa wenye taa za trafiki, vituo vya mafuta na migahawa, ndipo unaingia barabara ya kulipia. Pennsylvania Turnpike ni ghali na haipokei taslimu tangu 2020. Kwa E-ZPass ya Maryland, kile kifaa cha kulipia tozo kinachokaa garini, unalipa nafuu. Bila hiyo kamera inapiga picha namba ya gari na bili inakuja nyumbani ikiwa kubwa zaidi. Ukitaka kuikwepa, toka Hancock kwa I-68 hadi Morgantown, panda I-79 hadi Washington, Pennsylvania, uirudie I-70. Ina vilima, ila ni bure, na ile milima ya Maryland magharibi ni mizuri.

Oklahoma na Kansas nako kuna vipande vya kulipia kwa kamera. Gari la kukodi? Uliza kabla ya kusaini wanatoza nini kwa kila siku ya tozo, maana ada ya kampuni inaweza kuzidi tozo yenyewe.

Hatua ya 7: Gari na mafuta

Pima upepo wa tairi asubuhi zikiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni ya juu kabisa inayoruhusiwa, usijaze hiyo. Tairi la akiba lipime pia. Maji ya rejeta, mkanda, betri: mpe fundi wiki mbili kabla, si jana yake.

Colorado na Utah utaona pampu ya bei rahisi imeandikwa 85, yaani oktani ya petroli. Magari mengi ya kisasa yanataka 87. Soma kitabu cha gari, na kama kinasema 87 weka 87 hata juu milimani.

Hatua ya 8: Nyaraka, na kila asubuhi

Asiye raia aliyetimiza miaka 18 anatakiwa kisheria kutembea na kadi yake ya ukaazi au hati inayomhusu, basi isiachwe kabatini. Hili linawagusa zaidi wanaotoka Houston au Dallas na kupita I-10: Border Patrol, askari wa mpakani, wana vituo vya ukaguzi ndani ya nchi, kama kile cha Sierra Blanca, Texas, kwa anayerudi mashariki.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha gari, angalia hali ya hewa ya miji mitatu iliyo mbele, na tovuti ya barabara ya jimbo unaloingia. Namba 511 inafanya kazi katika majimbo mengi, lakini itakupa habari za jimbo ulilomo, si la mbele. Ukiona gari limesimama kando na taa zinamulika, hamia leni ya mbali au punguza mwendo. Majimbo yote 50 yana sheria hiyo kwa magari ya dharura, mengine hata kwa gari lolote, na polisi wa Virginia hawana mchezo nayo.

Jaza tenki Kingman ukipita I-40, au Las Vegas ukipita I-15, kwa sababu bei ya Kalifonia itakuuma. Na kwenye mpaka wa Kalifonia utasimamishwa na watu wa kilimo watakaouliza kama una matunda. Machungwa na maembe yaliyobaki, yaleni kabla ya Needles.